Bustani za Milimani, mafuriko ya Bondeni

Ukipanda kutoka katikati ya mji wa Nakuru kuelekea Menengai, siku hizi utaona mabati kila baada ya hatua chache. Yamezungushwa kwenye ploti, nyuma yake mashine ya kuchanganya zege inanguruma, na palipokuwa bustani ya nyuma ya bangalo la zamani, yenye mparachichi, ua la michongoma na boi kota pembeni, panachimbwa msingi wa ghorofa. Wakati mwingine bangalo lenyewe linaachwa mbele kama pambo. Mjengo uko uani.

Wenyeji wa Milimani wanalalamika, na sisi wa mitaa ya chini tunawasikiliza kwa sikio moja. Utasikia mtu wa Bondeni au Rhonda akisema: ah, hao ni matajiri, wanalilia maua. Wacha wajengewe maghorofa mlangoni waonje tunavyoishi sisi. Ndugu zangu, hapo tunakosea hesabu, na hesabu yenyewe ni ya maji.

Hebu tuipige. Nusu ekari ni karibu mita za mraba 2,000. Mvua ya milimita 30, ambayo msimu ukiwa mzuri inaweza kuanguka alasiri moja tu, ikishuka juu ya nusu ekari inatoa takriban lita 60,000. Hayo ni malori sita ya maji, kila moja lita 10,000. Ploti ikiwa na nyasi na miti, sehemu kubwa ya maji hayo inanywewa na udongo pale pale. Ikiezekwa paa, na uwanja uliobaki ukapangwa kabro ili magari yaegeshwe, karibu malori yote sita yanatoka getini. Sasa chukua ploti kumi kwenye barabara moja. Maji yanaenda wapi? Yanashuka. Mji wetu umekaa kwenye mteremko: juu Menengai, chini Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kulitoa maji. Katikati ndipo tulipo sisi, wenye maduka na vibanda, wakazi wa Bondeni, Kivumbini na Flamingo, hadi Mwariki kule kwenye ukingo wa ziwa. Jina la Bondeni lenyewe linajieleza.

Na ziwa halina nafasi tena. Mwaka 2010 lilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 40. Kufika 2020 lilikuwa takriban 68. Lango kuu la mbuga lilimezwa na maji, na kule Mwariki na Barut familia zilihama zikiacha nyumba zao ndani ya ziwa. Sisemi kwamba ghorofa za Milimani ndizo zilizolijaza. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja mvua iliyoongezeka, matumizi mabaya ya ardhi yanayosomba udongo, na mambo ya miamba ya chini. Ninachosema ni kwamba kikombe kikishajaa, anayeongeza hata kijiko anapaswa kuulizwa. Hili ni ziwa lililomo kwenye Mkataba wa Ramsar tangu 1990, na tangu 2011 liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Hifadhi haianzii kwenye ua wa KWS. Inaanzia kule juu maji yanakoanguka.

Wenzetu wa Lamu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Matuta ya mchanga ya Shela ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vyao, ndiyo maana yakatangazwa eneo la kulindwa, na ndiyo maana ujenzi juu yake umeleta ugomvi miaka nenda miaka rudi. Ukimwonyesha mgeni ataona mchanga mtupu, ploti nzuri ya hoteli. Mwenyeji anaona tangi lake la maji.

Kuna na suala la ardhi tunayoikanyaga. Nakuru imejengwa juu ya majivu ya volkano, juu ya nyufa za Bonde la Ufa. Wakazi wa Rhonda na Kaptembwa wamezoea kuamka baada ya mvua kubwa na kukuta ardhi imetitia. Machi 2018 dunia nzima iliona picha za ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Na wazee walisimuliwa na wazee wao tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lililokuwa na ukubwa wa karibu 7. Sasa mtu anachimba shimo la msingi wa ghorofa kadhaa, hatua chache kutoka ukuta wa jirani, halafu jirani akiomba kuona ripoti ya uchunguzi wa udongo anaambiwa ana wivu. Wivu wa nini?

Bomba la maji taka nalo. Bangalo lilijengwa kwa ajili ya familia moja na mfanyakazi wake, tuseme watu wanane. Weka nyumba 24 za kupanga pale pale nyuma, kila moja watu wanne, umepata watu 96 wanaotumia njia ile ile. Likiziba, halifurikii kwa mwenye ghorofa. Linafurika chini. Na hata likipita salama, maji taka ya mji huu yakishasafishwa huishia kule kule ziwani.

Hayo ndiyo madai ya haki ya watu wa Milimani, na nawaunga mkono kwa hayo. Lakini wakubali niwaambie na la upande wa pili, maana madai yao mengine yananuka.

Nakuru ilikuwa kitovu cha ardhi ya walowezi. Mji uligawanywa kwa rangi ya ngozi: Mzungu akakaa juu Milimani kwenye upepo na nafasi, Mhindi akapewa maeneo kama Section 58, na Mwafrika, wakiwemo Waislamu wa kwanza wa mji huu, akasongamanishwa chini Bondeni. Zile bustani kubwa hazikuwa bahati. Zilikuwa sera. Baada ya uhuru zikarithiwa na wakubwa wa serikali, na tunajua yaliyofuata. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchi nzima, nyumba za serikali na viwanja vyake zikiwemo. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mkutano akasema maghorofa yataleta “watu wa aina fulani” mtaani, au kwamba bei ya nyumba yake itashuka, huyo halindi mazingira. Analinda ukuta uliojengwa na mkoloni. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na vijana wa Nakuru wanahitaji nyumba. Mji umepewa hadhi ya jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Watu wataendelea kuja.

Ila tusidanganywe pia kwamba ghorofa za Milimani zinajengwa kwa ajili ya mama anayeuza mboga soko la Wakulima. Kodi yake haiwezi. Hoja ya “nyumba kwa mwananchi” inatolewa mfukoni siku ya kuomba kibali na kurudishwa siku ya kupangisha.

Sheria inasema nini? Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza kujenga bila idhini ya kaunti. Na kwa bahati ya kuchekesha, kifungu kinachohusu maombi ya idhini ni cha 58, namba ile ile ya mtaa wetu, kwa hiyo mtu wa Nakuru hana kisingizio cha kukisahau. Kifungu hicho kinamtaka anayeomba atoe tangazo kwa umma, na tangazo liwaalike watu kupeleka pingamizi zao kwa waziri wa kaunti anayehusika. Uamuzi ukitoka na hujaridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya maridhiano ya mipango ya kaunti. Siku 14 tu. Ukimaliza mwezi mzima ukinung'unika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, umeshapoteza. Kwa leseni ya NEMA una nafasi zaidi, siku 60 za kwenda kwenye Mahakama Maalumu ya Mazingira.

Anayejenga bila idhini adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mwenye ghorofa la mamilioni, nusu milioni ni bei ya mlango na madirisha. Hapo wabunge wetu wanapaswa kuona haya.

Tena kuna hati zenyewe. Ploti nyingi za namna hii ni za kukodishwa na serikali, na mara nyingi masharti ya hati yanasema nyumba moja ya makao. Ili ujenge ghorofa la kupangisha lazima uombe kubadilisha matumizi, na ombi hilo nalo si la siri. Ukiona tingatinga limeingia kabla ya kuona tangazo, uliza kwanza hilo. Wakazi wa Rhapta Road kule Westlands, Nairobi, walipoenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kupinga maghorofa, swali kubwa halikuwa kama majengo ni mabaya. Lilikuwa: kaunti iliidhinisha orofa zote hizo kwa kufuata sera ipi? Swali hilo tunaweza kuliuliza hapa.

Mtu atasema mahakama ni za wenye pesa. Ni kweli kwa kiasi, ila tusisahau Lamu. Wavuvi, akina mama na vijana walioungana chini ya Save Lamu walipinga mradi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe, mradi wa mabilioni uliobebwa na serikali yenyewe, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ikafuta leseni yake. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kama leseni ya mradi mkubwa vile ilianguka kwa sababu hiyo, kibali cha ghorofa la uani nacho kinaweza kuanguka.

Linaloniuma zaidi ni hili. Haki hiyo ya kupewa tangazo inatumiwa juu kuliko chini. Mwenye bangalo ana wakili, ana jamaa ofisini. Mpangaji wa nyumba za zamani za kaunti, kule Flamingo, Kaloleni, Shauri Yako au Abong'lo Weya, anaambiwa yeye ni mpangaji tu, ardhi si yake, anyamaze. Mitaa ile pia ina viwanja vyake vya katikati ya nyumba, watoto wanapocheza mpira, watu wanapoanika nguo na kuweka hema la msiba au la harusi. Navyo ni bustani za nyuma, ila hakuna anayeziita hivyo. Bondeni kumeshajengwa nyumba 605 za bei nafuu, na fikra za kuibomoa mitaa ya zamani na kuijenga upya zimekuwepo kwa miaka mingi. Sipingi kujengwa upya. Nyumba zile zimechoka, na miaka ya tisini baraza la manispaa lilishakaa na wakazi, likisaidiwa na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, kupanga mustakabali wa mji na wa mitaa hiyo. Napinga mpangaji wa miaka 30 kuhesabiwa hana maslahi. Sheria inazungumzia mtu mwenye maslahi. Haikusema mwenye hati. Anayelala pale, mtoto wake anasoma pale, maji yakipanda yanaingia kwake, ana maslahi gani zaidi ya hayo?

Ndiyo maana nawaambia wa Milimani: mkiandika pingamizi, msiandike ya peke yenu. Shukeni Bondeni. Waulizeni watu maji yanafika wapi mvua ikinyesha, mpige picha, mweke tarehe, muambatanishe. Haki ya jirani tulifunzwa tangu madrasa, na jirani wa maji ni yule aliye chini yako kwenye mteremko, hata kama hujawahi kunywa chai kwake. Na siku wa Flamingo watakapoletewa mradi wao bila tangazo, nanyi muwe na barua yenye sahihi zenu mkononi mwao.

Kwa mwenye ploti anayetaka kujenga pia nina neno. Hakuna aliyekukataza kunufaika na mali yako. Acha sehemu ya uwanja bila kabro. Weka tangi la kuvuna maji ya paa, maana mji huu una kiu nusu ya mwaka. Punguza orofa zilingane na bomba lililopo. Mwite jirani kabla ya tingatinga kufika, umwonyeshe ripoti ya udongo. Ukifanya hayo, wengi hawatakuandikia barua.

Kwa wanaoandika: barua inaenda kwa waziri wa kaunti wa ardhi na mipango ya mji, nakala kwa NEMA. Taja namba ya ploti, barabara na tarehe uliyoona tangazo, au useme wazi kwamba hukuona tangazo lolote. Andika kuhusu maji, maji taka, udongo, njia ya gari la zimamoto. Mambo ya aina ya watu yaache nje. Kusanya sahihi za wenye nyumba na za wapangaji. Na ukifika dirishani usiondoke mpaka nakala yako ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku ya rufaa kitu cha kwanza utakachoulizwa ni huo mhuri.