NANI MWENYE CHUO?

Huenda wakawako miongoni mwa wasomaji wetu watakaouliza: gazeti la chama cha visiwani lina lipi na Kitahana? Kitahana iko Kibondo, katika nchi ya milima ya Buha, mbali kabisa na bahari. Jawabu yetu ni nyepesi. Elimu ya juu ni katika mambo ya Muungano. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inayomhusu kijana aliyetoka Kitahana ndiyo inayomhusu aliyetoka Konde au Makunduchi, na kalamu inayowateulia wakubwa wa vyuo vyao ni kalamu ya namna moja.

Watu wa Buha wana uzoefu wa siku nyingi wa kuamuliwa mambo yao na walio mbali. Zama za Mwingereza nchi yao ilifanywa ghala ya manamba wa mashamba ya mkonge, na ghala haijengewi skuli. Baada ya uhuru walipata vyuo. Kasulu iko chuo cha ualimu, na Kabanga vilevile. Na Kasulu na Kibondo viko vyuo vya maendeleo ya wananchi. Hivi vya mwisho vina kisa chake. Vilianza mwaka 1975, na mfano wake ulitoka Sweden. Huko Sweden vingi katika vyuo vya namna hii ni mali ya vyama vya wafanyakazi, vya makanisa, na vya raia wa kawaida, au mabaraza ya majimbo, na wenye mali ndio wanaosimamia. Sisi tulichukua nyumba tukamwacha mwenye nyumba. Hapa viliwekwa mikononi mwa Serikali, na baadaye vikahamishwa kutoka wizara hii kwenda wizara ile, na uhamisho huo haukuhitaji kura ya mkulima hata mmoja wa Kibondo.

Ama vyuo vikuu, khabari yake wazee wetu wanaikumbuka. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake na wa wakubwa wenziwe, kisha akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300. Hatusemi kwamba wanafunzi wale walikuwa na haki katika kila neno; wengi wetu tungaliwaona wana kiburi. Twasema tu kwamba hukumu ilitoka Ikulu. Mwaka 1970 chuo kilipokuwa Chuo Kikuu kamili, Rais ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa kwanza, Bwana Pius Msekwa, alitolewa katika ofisi kuu ya TANU. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Bwana Akivaga, Mkenya, alitolewa chuoni kwa nguvu ya askari. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza za malipo ya wakubwa, jambo ambalo mwaka 1966 Mwalimu mwenyewe alilikubali kuwa ni aibu. Wakafukuzwa kwa mamia.

Leo hakuna TANU, na vyama ni vingi, lakini bado twasoma katika taarifa za Ikulu nani kateuliwa kuwa mwenyekiti wa baraza la chuo hiki na nani Makamu Mkuu wa chuo kile. Kwetu Unguja, Chuo Kikuu cha Taifa kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 kina Rais wa Zanzibar kuwa ndiye Mkuu wake. Mwalimu anayejua kwamba cheo chake kinatoka juu, hutazama juu. Atatoaje utafiti juu ya ardhi, au uchaguzi, au bei ya karafuu, ikiwa jawabu yake haitapendeza?

Wako wanaosema: Serikali ndiyo inayolipa, basi nayo ichague. Fedha hizo ni za raia, na raia wana wawakilishi wao. Hesabu za chuo ziletwe mbele yao, zisomwe hadharani. Wengine husema kwamba maprofesa wakiachiwa watajifanya masultani wadogo. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya kwanza, na ndiyo sababu hatutaki maprofesa peke yao. Tena haya hayawezekani kuitwa ndoto. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Rais aliye Mkuu wa kila chuo kikuu cha umma, na Rais Kibaki mwaka 2003 akakiacha cheo hicho kwa watu wengine. Dola haikuanguka.

Twataka baraza la chuo liwe na wajumbe waliochaguliwa na walimu, na wafanyakazi, na wanafunzi, na waliohitimu, na liwe lao kumchagua mwenyekiti wake. Makamu Mkuu atafutwe kwa tangazo la wazi, baraza limpime, baraza limwajibishe. Vyuo vya Kasulu na Kibondo, na mfano wake kwetu, viwe na bodi ambazo watu wa wilaya wanakaa humo kwa kura, wenye sauti juu ya kinachofundishwa na juu ya hesabu.

Na hapa twajisemea wenyewe. Chama hiki kikishika Serikali kitazikuta nafasi zile zote zinangoja majina, na wako wenzetu ambao tayari wanajihesabu katika majina hayo. Kwa hivyo twaomba kila tawi, Unguja na Pemba, lijadili suala hili sasa, tungali nje, na liandike katika kumbukumbu zake kwamba madaraka hayo tutayaacha, pamoja na majina ya waliokubali na waliokataa.