Sauti ya Muuguzi Katika Chumba cha Upasuaji

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika kila upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba, kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Orodha hiyo haidai mitambo mingi. Inadai watu wazungumze. Kabla ya ngozi kukatwa, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Kabla ya mgonjwa kuondolewa, muuguzi hutamka kwa sauti kwamba vifaa, vitambaa na sindano vimehesabiwa na kutimia.

Kutaja jina kwaonekana jambo dogo, hata la kuchekesha miongoni mwa watu waliofahamiana miaka kumi. Lakini kwetu, ambako mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, aliyekwisha kutamka neno la kwanza huliona jepesi la pili: “Samahani daktari, kitambaa kimoja hakionekani.” Daktari akimshukuru, atasaidiwa tena kesho. Akimkaripia, muuguzi yule atanyamaza, na atakayeumia ni mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa.

Tunajua pia kwamba karatasi huweza kutiwa alama zote bila mtu kufungua kinywa. Kwa hiyo tunawaomba waganga wafawidhi wa hospitali zetu wasiishie kukagua karatasi. Wawaulize wauguzi, kwa faragha, ni lini walimsahihisha daktari mara ya mwisho, na walijibiwaje.