Williams juu ya farasi wa Napoleon

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, kuna mchoro mmoja ningependa kila mwalimu wa Historia auone kabla hajashika chaki. Ni wa Kehinde Wiley, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1977, yule yule aliyechora picha ya Obama iliyozinduliwa 2018.

Mwaka 2005 Wiley aliuchukua mchoro maarufu wa Mfaransa Jacques-Louis David: Napoleon akivuka milima ya Alps, farasi kasimama kwa miguu ya nyuma, joho linapepea. Farasi kamwacha, joho kaliacha. Kilichobadilika ni mpandaji: kijana mweusi wa mtaani, nguo za mabaka ya kijeshi, kitambaa kichwani, buti miguuni. Kwenye mawe David aliandika Bonaparte na Hannibal. Wiley kaongeza Williams, jina la kawaida kabisa kwa Wamarekani weusi.

Wapo wanaosema, kwani kabadilisha nini? Si utukufu ule ule wa wababe, sura tu mpya? Hoja hiyo naikubali nusu. Mtu mweusi hahitaji kupanda farasi wa Napoleon ndipo aonekane mzuri.

Lakini tazama kinachotokea. Mtu akimwona Williams anacheka: huyu na farasi wapi na wapi! Haya, mbona Napoleon hukumcheka? Mwaka 1800 alivuka Alps juu ya nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, si wa Serengeti. Hata kukaa achorwe alikataa, ikabidi mtoto wa David akae badala yake. Na mchoro wa kwanza uliagizwa na mfalme wa Hispania. Kumbe ile "historia" ilikuwa tangazo!

Hapo ndipo Wiley anapotufaa. Darasani tunawakaririsha watoto tarehe na majina ya watawala, picha za kitabuni tunazipita kama mapambo. Tukienda mazoezi ya kufundisha, tuwaulize: nani kaagiza picha hii? Kalipa ili aonekaneje? Nani hayumo? Maswali hayo hayahitaji projekta wala bajeti.

Mtoto asiyezoea kuyauliza akiwa kidato cha pili, atakuja kupiga kura kwa kuangalia bango. Na tusijifanye hayatuhusu: uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukifika, hebu hesabu ni wangapi wetu wanasoma sera, na wangapi wanaishia kwenye picha ya mgombea kavaa suti.