Bi Harusi, Si Kila King'aacho Ni cha Mdomo

Zamani misafara ilibeba ushanga kutoka Unguja, kupitia Bagamoyo, hadi Tabora. Wanyamwezi hawakupokea kila king'aacho: rangi wasiyoitaka iliwadodea wafanyabiashara. Leo sisi, Tabora hata Unguja, tunanunua unga wa ulanga wa kutia rangi mishumaa, kwenye kifuko kisicho na jina, tunauchanganya na mafuta na kumpaka bi harusi midomoni! Ulanga ni jiwe lililosagwa. Rangi huongezwa baadaye, na si kila rangi yafaa kulambwa. Muuzaji asipokuonyesha maandishi kwamba ni wa midomo, mrudishie. Mwili ni amana, dada. Pambo la usiku mmoja lisituhasiri.