Neema, Rehema na Daftari la Madeni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha kijana mmoja katika wanafunzi wangu alinijia barazani huku akicheka. Alikuwa ametoka kusikiliza muhadhara hapa hapa Kariakoo, na mhadhiri alikuwa amewaambia watu kwamba Mkristo ana ruhusa ya kuzini, kuiba na kulewa, kwa kuwa damu ya Yesu imeshamlipia yote. "Maalim," akaniambia, "dini gani hiyo? Si rahisi mno?" Nikamwuliza, "Yule mama Mkristo muuza mchele wa Mtaa wa Mkunguni, uliyekopa kwake tangu Ramadhani, umeshamlipa?" Kicheko kikakatika. Akakiri kwamba siku hizi huzunguka mtaa wa pili ili asipite mbele ya genge lake.

Kijana huyu hayuko peke yake, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Tumezoea kuicheka imani ya jirani kabla ya kuijua, na tumezoea kuitangaza rehema ya Mola wetu kabla ya kuionyesha. Makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Qurani Tukufu, katika Suratul Ankabut aya ya 46, imetukataza kujadiliana na Watu wa Kitabu isipokuwa kwa njia iliyo bora. Na njia bora huanza na ukweli: usimzulie mwenzako asilolisema.

Tuanze na maneno, maana fitina nyingi huzaliwa hapo. Neema, rehema, toba, dhambi, imani, msamaha: yote haya yana asili ya Kiarabu, na yalikuwa vinywani mwa watu wa pwani zamani sana kabla Krapf hajateremka Mombasa mwaka 1844. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufariki huko mwaka 1882, alipokaa kutafsiri vitabu vya dini yake kwa Kiswahili cha Unguja, hakuunda lugha mpya. Aliyachukua maneno haya haya ya majumbani mwetu. Ndiyo maana leo ukisimama Mtaa wa Kongo ukaita "Rehema!" au "Neema!" huwezi kujua kama atakayeitika ni binti wa Kiislamu au wa Kikristo.

Lakini vazi ni moja, wavaaji ni wawili. Muislamu akisema neema, moyo wake huenda kwenye mvua, afya, watoto na riziki, na juu ya yote hayo neema ya uongofu. Mkristo akisema neema hukusudia jambo mahsusi: kwamba mwanadamu kwa dhambi zake hastahiki wokovu wala hawezi kuununua kwa matendo yake, na kwamba Mungu humpa bure kwa njia ya Yesu. Rehema, kwao, ni Mungu kumzuilia mtu adhabu aliyoistahiki. Neema ni kumpa wema asioustahiki. Asiyeijua tofauti hii hubishana na kivuli.

Sasa, je, neema hiyo ni ruhusa ya dhambi? Hasha. Swali hilo hilo la mhadhiri wetu Paulo alijiuliza mwenyewe katika Waraka kwa Warumi, mwanzo wa sura ya 6: je, tuzidi kutenda dhambi ili neema izidi? Akalikataa kwa ukali. Naye Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anafundisha kwamba imani isiyokuwa na matendo ni maiti. Mwaka 1517 Martin Luther alisimama Ujerumani kupinga vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa fedha, na kutokana na ugomvi ule yakatoka makanisa ya Kilutheri, likiwamo lile la Azania Front tunaloliona ukingoni mwa bandari yetu. Tena mwaka 1937 mchungaji wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, aliandika kitabu akiwalaumu Wakristo wenzake kwa kuifanya neema kuwa kitu rahisi, msamaha bila toba. Mtu huyu alinyongwa na serikali ya Hitler mwaka 1945. Aliyekufa hivyo huwezi kumwambia kwamba dini yake ilikuwa ya starehe.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulienea mwamko wa wale walioitwa walokole. Walisimama mbele za watu wakakiri makosa yao, na wengi wao wakarudisha mali walizoiba. Muislamu yeyote aliyesoma masharti ya toba ataitambua sauti hiyo: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya mtu kwa mwenyewe. Wako Wakristo wanaojificha nyuma ya neema ili watende maovu? Wako. Na wako Waislamu wanaokula mali ya yatima miezi kumi na mmoja wakitumai kwamba mfungo wa Ramadhani utaifuta. Tusiihukumu dini ya watu kwa wezi wake ilhali yetu twataka ihukumiwe kwa mawalii wake.

Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Sisemi kwamba dini zote ni mamoja. Ikhtilafu ipo, nayo ni kubwa, na heshima haitaki tuifiche.

Wakristo wanaamini kwamba haki ya Mungu haiwezi kupuuzwa, kwamba deni la dhambi lazima lilipwe, na kwamba aliyelilipa ni Yesu msalabani. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9 aya ya 22, unashikilia kwamba hapana ondoleo pasipo kumwaga damu. Mkristo msomi atakwambia zaidi ya hapo. Atakwambia: mwenye duka akifuta deni katika daftari, deni halikupotea hewani, hasara ameibeba yeye mwenye duka. Basi, atasema, Mungu aliposamehe aliibeba hasara Yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja yao katika nguvu yake, na anayetaka kuijibu aijibu hiyo, si ile ya kuzushiwa.

Nasi twajibu hivi. Mwenye duka wa Kariakoo hupata hasara kwa sababu mali yake ina mwisho. Gunia likitoka bila kulipwa, gunia limepungua. Lakini Mola wetu, katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Abu Dharr na kuisimulia Imam Muslim, ametufahamisha kwamba lau viumbe wote wa mwanzo na wa mwisho, watu na majini, wangesimama pahala pamoja wakamwomba, na akampa kila mmoja haja yake, hazina yake isingepungua ila kama sindano inavyoipunguzia bahari ikichovywa. Basi hasara gani itakayobebwa, na nani wa kuibeba? Adamu (A.S.) alikosa, akafundishwa maneno ya kutubia, akatubu, akasamehewa. Hivyo ndivyo tusomavyo katika Suratul Baqara aya ya 37. Hapana damu iliyomwagwa baina ya kosa lake na msamaha wake. Na katika Suratul Anaam aya ya 164 tumefunzwa kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine.

Tena twawauliza wenzetu kwa upole juu ya mfano mzuri ulio katika Injili ya Luka sura ya 15: mtoto aliyetapanya mali ya baba yake, akarudi hali ya uchi na njaa, na baba akamkimbilia angali mbali. Je, baba yule alimdai nani fidia kabla ya kumkumbatia? Mwenye rehema ametosha kwa rehema yake.

Lakini hapa sharti nimgeukie na ndugu yangu Muislamu, kwani wako wanaojibu, "Wao wana neema, sisi tuna matendo." Hilo nalo ni kosa, tena kubwa. Mtume wetu (S.A.W.) amesema, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba hapana mtu atakayeingizwa Peponi na amali zake. Sahaba wakamwuliza, hata wewe? Akajibu, hata yeye, ila Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Basi nani wewe na mimi, wenye rakaa za haraka haraka na sadaka za sarafu? Amali ni utiifu na ni alama ya shukrani, wala si fedha ya kumnunulia Mola pepo yake. Na katika Suratuz Zumar aya ya 53 waliodhulumu nafsi zao wanaitwa kwa mapenzi wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Ikiwa hoja yetu dhidi ya msalaba ni kwamba Mungu husamehe bila damu, basi ni juu yetu sisi, kabla ya watu wote, tuwe watu wanaosamehe bila damu. Tusipofanya hivyo, mihadhara yetu yote ni kelele.

Kumbukeni Oktoba 2012. Kule Mbagala watoto walishindana kitoto, na mmoja wao, mtoto wa Kikristo, akaukojolea Msahafu. Lilikuwa jambo la kuumiza, na moyo wa Muislamu ulikuwa na haki ya kuumia. Lakini tukafanya nini? Tarehe 12, siku ya Ijumaa, kundi la watu lilikwenda kituo cha polisi likitaka likabidhiwe mtoto yule, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto. Ijumaa iliyofuata, tarehe 19, ghasia zilikuwa hapa kwetu Kariakoo: maduka yamefungwa, polisi wanarusha mabomu ya machozi, na wanajeshi wamo mitaani.

Laiti mmoja wetu angelikumbuka kisa kinachosomeshwa chuoni kila mwaka katika mlango wa tohara! Bedui mmoja aliingia katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), akasimama kando, akakojoa. Si katika msikiti wa mtaa, bali katika msikiti wa Mtume, Mtume mwenyewe akiwapo. Sahaba wakamkurupukia. Mtume akawazuia: mwacheni amalize. Kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale, akawakumbusha kwamba wao wameletwa kufanya mambo kuwa mepesi, si kuyafanya mazito. Ndoo moja ya maji, ndugu msomaji! Najisi ikaondoka, bedui akafundishwa kwa upole, na Uislamu haukupungua kitu. Mbagala maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni nani wa kuchota ndoo.

Na nisikize jambo jingine, ijapokuwa litatuchoma. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, mlokole ambaye zamani alipata kuwa mwalimu kule Dodoma, akakimbia nchi na roho yake. Mwaka huo huo akatoa kitabu, na jina alilokipa maana yake ni kwamba anampenda Idi Amin. Hatukubaliani naye juu ya msalaba. Lakini twaweza kukanusha kwamba alilitenda lile analolisadiki? Sisi tunao Nabii Yusuf (A.S.) aliyewaachilia ndugu zake bila lawama. Tunaye Mtume wetu aliyeingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra akawaachilia waliomfukuza, na akaukubali Uislamu wa Wahshi aliyemuua Hamza, ami yake. Tunaye Sayyidna Abubakar, aliyeapa kumkatia msaada Mistah kwa kumsingizia binti yake. Ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur ikimwuliza kama hapendi naye asamehewe na Mola wake, akarudisha msaada ule. Hazina tunayo. Tumeifungia kabatini.

Na lipo deni ambalo hata rehema hiyo pana haikutuahidi kulifuta kwa niaba ya mwenyewe: haki ya mja. Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya muflisi wa kweli, atakayekuja Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu na akala mali ya yule. Thawabu zake zitagawiwa wanaomdai, na zikimalizika atabebeshwa dhambi zao. Hata shahidi husamehewa kila kitu ila deni. Wala haki ya mtu haipungui kwa kuwa mwenyewe ni Mkristo.

Basi twende hivi. Kijana, kabla hujakwenda muhadharani kuicheka neema ya Wakristo, lipa ulichokopa. Mwenye duka, pitia daftari lako usiku huu. Ukimwona mdaiwa aliyefukarika kweli, mpe muda, na ukiweza mfutie, kwani Mtume ametusimulia habari za mtu aliyekuwa akiwasamehe wadaiwa wake mafukara, na Mwenyezi Mungu naye akamsamehe. Mhadhiri, soma kitabu cha mwenzako kwa nia ya kumfahamu, kisha mjibu kwa haki. Na mzazi, mwambie mwanao kwamba jirani akikosa, kwanza tunatafuta ndoo ya maji.

Kijana wangu alikwenda Mkunguni asubuhi yake. Mama yule alizipokea fedha, akazihesabu, akamfungia kilo moja ya mchele juu yake, na hakumtoza. Akarudi kunisimulia, safari hii hacheki.

Ewe Mola wetu, uliyejiandikia rehema juu ya nafsi yako, tusamehe, na utufanye tuwe wenye kusamehe. Wabillahi tawfiq.