Dawa za mitishamba nazo zipitie maabara

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Dawa ya malaria yenye nusu ya kiambato chake hufanana kabisa na iliyo kamili. Mgonjwa hawezi kuitambua, wala muuzaji.

Maabara huitambua. Mkaguzi husaga kidonge, hukiyeyusha, kisha hudondosha tone kwenye kibao chembamba cha silika, kando ya tone la dawa halisi. Kibao husimamishwa ndani ya kimiminika, na madoa huanza kupanda. Doa likififia au likikosa kufika panapotakiwa, sampuli hupelekwa kwenye vipimo vikubwa zaidi. Tanzania ina uwezo huo. Maabara ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), enzi mamlaka hiyo ikiitwa TFDA, ilipata ithibati ya WHO mwaka 2011.

Mbona basi chupa nyingi za mitishamba zinazouzwa stendi hazina hata namba ya toleo? Magome na mizizi huweza kubeba fangasi na madini ya risasi. Kwingineko wachunguzi wamekuta dawa za "asili" za nguvu za kiume zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya kisasa ya kazi hiyo hiyo, ambayo ni hatari ya kifo kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti.

Hatuibezi tiba asili. Artemisinini yenyewe, kiambato cha dawa za malaria, imetoka kwenye mmea. Serikali ilipe gharama za kupima sampuli zinazonunuliwa sokoni, si zile tu anazoleta mtengenezaji, na majibu yatangazwe kwa jina la bidhaa.