Haba na Haba Hupunguza Pia

Sisi wa Busia na Tororo tunaishi mpakani, na mpaka ni soko. Kila avukaye hurudi na kitu kwa kuwa bei ni nafuu: sufuria, madebe, nguo za mitumba. Hata mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017, katika nyumba nyingine ingali chini ya kitanda. Mtoto hana mahali pa kuwekea daftari, na hati ya shamba haionekani siku itakiwapo.

Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba. Basi haba na haba na ikipunguze. Shauri langu: kila Jumamosi kona moja tu. Kisichotumika apewe jirani mwenye haja nacho. Lakini cha marehemu kisiguswe kabla wazee hawajaulizwa.